Kutafuta Rhapta, Kushukia Bungu

Ukitaka kuiona Alexandria ya Claudius Ptolemy, yule mwanajiografia wa karne ya 2, utahangaika. Mnara wa taa uliohesabiwa miongoni mwa maajabu ya dunia uliangushwa na matetemeko ya ardhi. Sehemu ya mawe yake iliingia kwenye ngome ya Qaitbay katika karne ya 15, na mengine yamelala chini ya bahari, ambako wapiga mbizi walianza kuyaorodhesha miaka ya 1990. Mtaa wa wafalme nao umezama. Maktaba ya kale haipo, ipo mpya iliyofunguliwa 2002. Rafiki yangu mmoja aliyekwenda huko alinitumia picha sabini, na katika hizo sabini sikuona kitu ambacho Ptolemy angekitambua isipokuwa bahari. Hata hivyo sijawahi kukutana na mtu anayeuliza kama Alexandria ya kale ilikuwapo kweli.

Ptolemy huyo huyo, akiwa hukohuko Misri, aliandika habari za mji wa kwetu. Aliuita Rhapta. Aliuweka kando ya mto wenye jina hilo, ndani kidogo kutoka baharini, na akaupa cheo ambacho hakukigawa ovyo: jiji kuu. Hakufika mwenyewe. Alikusanya habari za mabaharia kupitia mtangulizi wake, Marinus wa Tyre. Kati ya mabaharia hao alikuwamo Diogenes, aliyekuwa akirudi kutoka India upepo ulipomsukuma siku 25 kuelekea kusini mpaka karibu na Rhapta, na Dioscorus, aliyetoka Rhapta akashuka kusini zaidi. Kwa hiyo tunao mji uliojulikana kwa majina ya watu waliouendea. Tusichonacho ni mahali pa kusimama na kupiga picha.

Wapo waliouweka Pangani, wapo waliouleta karibu na Dar es Salaam. Aliyeng'ang'ania zaidi Rufiji ni Profesa Felix Chami, mwanaakiolojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 1999 alichapisha taarifa za shanga za kioo zilizochimbuliwa Mkukutu, upande wa Kibiti, shanga za asili ya Dola ya Roma, ambayo wakati huo Misri ilikuwa jimbo lake. Nilisoma taarifa hiyo nikiwa mwaka wa pili chuoni, na nilichokumbuka baadaye ni kwamba Kibiti naijua. Basi la kwenda Lindi kwa shangazi hupita pale. Nimenunua korosho pale mara nyingi dirishani bila kushuka.

Safari hii nikashuka.

*

Barabara ya kusini inatoka Mbagala, inapita Vikindu na Mkuranga, halafu Kimanzichana, Jaribu, Bungu, na ndipo Kibiti. Pembeni ni mikorosho, minazi, michungwa, na mafungu ya mkaa. Kijana aliyekaa karibu nami aliniuliza naenda kwa nani. Nilipomwambia naenda kuangalia mambo ya historia alicheka, akasema, "Kibiti historia yake si ile?"

Nilijua anasema nini. Kwa watu wa rika langu, jina la Kibiti lilitufikia kupitia mauaji. Kati ya 2015 na 2017, katika eneo ambalo magazeti yaliliita MKIRU, yaani Mkuranga, Kibiti na Rufiji, waliuawa viongozi wa vijiji, askari polisi na raia. Aprili 2017 askari wanane waliuawa kwa siku moja. Aliyekuwa akituandikia habari hizo kutoka hapohapo Kibiti, Azory Gwanda, mwandishi wa kujitegemea wa gazeti la Mwananchi, alitoweka tarehe 21 Novemba 2017 na hajaonekana mpaka leo.

Nimeliweka jambo hili mapema kwa sababu ukifika Kibiti na maswali unalikuta limekutangulia. Mtu mgeni anayeuliza njia za vijijini, amebeba daftari, huangaliwa mara mbili. Hakuna aliyenikosea adabu, ila mama ntilie niliyekula kwake alinishauri kwa upole, "Mwanangu, daftari liweke kwenye begi. Uliza kwa mdomo." Nikaliweka. Mahali ambapo mwandishi alipotea, kuandika mbele za watu si jambo la kulichukulia kirahisi, na nadhani wanaouliza kwa nini watu wa pwani ya kusini hawaandiki historia yao wangeanza kwa kulifikiria hilo.

Huko Mkukutu sikwenda kuchimba. Vitu vya kale vinalindwa kwa sheria, na hata bila sheria sina ujuzi huo. Nilikwenda kuona ardhi ilivyo. Nilikuta mashamba ya mihogo na mikorosho, mchanga mwekundu, na mzee aliyekuwa akifuma ukili chini ya mwembe.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umepotea?"

Nikamweleza habari za shanga. Alisikiliza bila kuacha kufuma. Akasema shanga hazijawahi kuwa ajabu pale, bibi zake wote walizivaa kiunoni. Nikamwambia hizi zilikuwa za miaka karibu 2000, zilizotoka upande wa Misri na Roma. Hapo mikono ikasimama. Akauliza ziko wapi. Nikasema zilichukuliwa na watafiti wa chuo kikuu. Akanitazama kwa muda, kisha akarudi kwenye ukili wake. "Basi zilikuja kwa biashara, zikaondoka kwa utafiti," alisema, "na sisi tupo hapahapa."

Hakusema kwa hasira. Lakini pale hakuna kibao, hakuna hata jiwe lililopakwa rangi kuonyesha kwamba hapa palipatikana kitu. Mtoto anayesoma shule ya msingi Kibiti anaweza kufundishwa mapiramidi ya Giza akamaliza darasa la saba bila kuambiwa kwamba kioo cha himaya iliyoitawala Misri kilifika mahali anapochezea mpira.

*

Maandishi ya zamani zaidi tuliyonayo kuhusu mji huu si ya Ptolemy. Yamo katika kitabu kidogo kiitwacho Periplus ya Bahari ya Eritrea, kilichoandikwa kwa Kigiriki katikati ya karne ya 1 na mfanyabiashara wa Misri ambaye jina lake halikuhifadhiwa. Nakala kuu iliyobaki ni ya karne ya 10, nayo ipo Heidelberg, Ujerumani. Si kitabu cha falsafa. Ni kitabu cha mtu wa bandarini: ukitoka hapa siku ngapi, utakuta nini, uuze nini, umpe nani zawadi ili mambo yaende.

Kwa mtu huyu Rhapta ni soko la mwisho la pwani ya Azania, siku mbili kwa tanga kutoka kisiwa anachokiita Menuthias. Huenda ni Pemba, Unguja au Mafia. Anasema pembe za ndovu ni nyingi, na magamba ya kasa pia. Pembe za faru anazitaja. Bidhaa zinazoingia ni mikuki ya kutengenezwa Mouza, bandari ya Yemen, pamoja na shoka, visu, shazia na vyombo vya kioo. Ngano na divai hupelekwa sehemu nyingine, lakini si kwa biashara, ni za kununua urafiki. Kila mji una mkubwa wake. Kuna madai ya mtawala mmoja wa Yemen kwamba Rhapta iko chini yake kwa haki ya kale, na watu wa Mouza hutuma manahodha Waarabu wanaoijua lugha ya wenyeji na waliooana nao.

Nilipofika hapo mara ya kwanza nilisimama. Miaka 600 kabla ya Uislamu, miaka zaidi ya 1400 kabla ya Vasco da Gama, mgeni mmoja anasema kama jambo la kawaida kabisa kwamba ukitaka kufanya biashara na watu hawa ujifunze lugha yao na uoe kwao. Ilikuwa lugha gani hatuambiwi, na sina haja ya kuibatiza. Inanitosha kwamba aliyehitaji kujifunza lugha ni mgeni.

Jina lenyewe ni la Kigiriki, limetokana na kushona. Mwandishi anaeleza kwamba mji uliitwa hivyo kwa sababu ya vyombo vyake vya baharini, ambavyo mbao zake zilishonwa. Ufundi huo uliishi pwani yetu kwa karne nyingi. Mtepe, chombo ambacho mbao zake zilifungwa kwa kamba za makumbi na tanga lake likasukwa kwa ukili, ulikuwa ukionekana bado mwanzoni mwa karne ya 20. (Kamba hiyo ni ya kufungia. Delta ya Rufiji inasifika pia kwa kamba wa kula, na siku ile nilipomuuliza muuza samaki Kibiti habari za mashua za kamba, alinijibu bei kwa kilo.)

Fikiria ni mji wa namna gani unaopewa jina na wageni kwa sababu ya mshono. Hawakuuita mji wa kuta, wala mji wa hekalu. Walipofika, kitu kilichowavutia macho kilikuwa mbao na kamba.

*

Siku iliyofuata nilirudi Bungu, nikachukua bodaboda mpaka Nyamisati. Hapo ndipo bara inapokwisha. Gatini kuna watu wa Mafia wanaosubiri usafiri wa Kilindoni wakiwa na magodoro na kuku, na pembeni, kimyakimya, vyombo vidogo vinavyoingia deltani. Nilipata nafasi kwenye mashua yenye mashine iliyobeba unga, soda na mabati manne. Nahodha alikuwa mwanamume wa makamo, na tangu mwanzo aliniita "mjomba" ingawa angeweza kuwa baba yangu.

Delta ya Rufiji ndiyo yenye msitu mkubwa wa mikoko katika Afrika Mashariki, zaidi ya hekta 50,000. Ukiwa ndani yake ukubwa huo huuoni. Unaona ukuta wa kijani kushoto, ukuta wa kijani kulia, na maji ya rangi ya chai ya maziwa. Mimi niliona mti mmoja tu, mkoko. Nahodha aliona mingi. Ule ni mkandaa, ule mchu, ule msinzi, ule kule mbele ni mkomafi, mbao yake nzuri kwa mashua. Kisha akanieleza namna miti inavyoitwa ikishakatwa, kwani hapo majina hubadilika kufuata unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo.

Boriti ndiyo niliyoifahamu, kwa sababu nimelala chini yake. Nyumba za Mji Mkongwe wa Unguja, zile ndefu nyembamba zinazopigwa picha na kila mtalii, upana wa vyumba vyake ulipimwa na urefu wa boriti, mita mbili na nusu hadi tatu hivi. Ndivyo ilivyo Lamu pia. Jahazi zilipakia miti hiyo kutoka deltani na kuivusha mpaka Arabuni na Ghuba ya Uajemi, kwenye nchi zisizo na miti ya kuezekea. Dari za miji ya mawe, huku na ng'ambo, zilibebwa na misitu ya namna hii. Delta haikujijengea mji wa mawe. Haina mawe. Ilikuwa na tope, na kutoka kwenye tope hilo ikawaezekea wengine.

Kwa sababu hiyo nina shaka na hamu yetu ya kutafuta kuta. Mwaka 2016 zilisambaa habari za mistari ya mawe chini ya maji upande wa Mafia. Wapo walioona kuta za Rhapta, wapo walioona mwamba wa kawaida wa pwani. Nilifurahi kama kila mtu. Lakini baadaye nilijiuliza tulikuwa tukifurahia nini hasa. Shanga tulikuwa nazo tayari. Maandishi tulikuwa nayo. Ilikuwa kana kwamba vyote hivyo havihesabiki mpaka lipatikane jiwe la kufanana na mawe ya Misri.

Ibn Battuta, mtu wa Tangier, Moroko, alipita nje ya delta hii mwaka 1331 akitoka Mombasa kwenda Kilwa. Huyo alikuwa ameshaiona Cairo, Damascus na Makka, na bado aliihesabu Kilwa miongoni mwa miji mizuri. Akaeleza kwamba majengo yake ni ya miti na mapaa yake ni ya nyasi. Sentensi hiyo imewasumbua wasomi, kwa kuwa sultani aliyempokea, al-Hasan bin Sulaiman, ndiye anayetajwa kujenga Husuni Kubwa, jumba kubwa la mawe juu ya mwamba, ambalo magofu yake yapo mpaka leo. Wengine wamesema mzee alisahau, au waandishi walikosea. Huenda. Mimi naona inawezekana pia kwamba alisema alichokiona: mji wenye jumba moja la mfalme na msikiti mmoja mkubwa wa mawe, na maelfu ya watu katika nyumba za fito na udongo. Magofu yametuachia jumba na msikiti. Nyumba za watu zimekwenda, na tukazoea kudhani hazikuwa sehemu ya mji.

*

Kama unataka kipimo cha kasi ya tope la Rufiji, upo, na ni wa Kijerumani. Septemba 1914 manowari Königsberg iliizamisha meli ya Waingereza, Pegasus, katika bandari ya Unguja, kisha ikakimbilia deltani. Ilikuwa meli ya chuma yenye urefu wa zaidi ya mita 100. Waingereza waliifungia humo kwa miezi, wakaleta ndege za kuitafuta juu ya mikoko na meli mbili zenye kina kidogo, Severn na Mersey, na tarehe 11 Julai 1915 ikaangamizwa. Wajerumani wakaiopoa mizinga yake kumi na kuiburuta vitani bara. Mwili wa meli ukabaki mtoni. Wakataji chuma chakavu walikuja miaka ya 1960 wakachukua walichoweza, na mto ukameza kilichobaki. Yote hayo katika muda wa mtu mmoja kuzaliwa na kuzeeka. Sasa wewe chukua mji wa miti na makuti, uuache hapo miaka 1900.

Ila tope lina tabia mbili, linaficha na linatunza. Shanga za Mkukutu hazikusagika. Na hapa ndipo nina wasiwasi ambao sikwenda nao, nimerudi nao. Tangu Desemba 2022, maji ya Rufiji yalianza kujaza bwawa la Julius Nyerere huko juu, mradi wa megawati 2,115. Umeme tunauhitaji, na mimi ninayeandika haya kwenye kompyuta si mtu wa kuukejeli. Lakini bwawa huzuia mchanga pamoja na maji, na delta ni mchanga unaoletwa kila mwaka kufidia ule unaochukuliwa na bahari. Aprili 2024 mafuriko yaliingia vijiji vya Rufiji na Kibiti, watu wakahama na mashamba yakazama. Wakulima wa mpunga niliowakuta deltani walizungumzia zaidi kitu kingine: maji ya chumvi kupanda mahali ambapo hayakuwa yakifika. Kama bahari itakula kingo hizi, itakula na kilichomo, kabla hata hatujaamua kama kilichomo kinastahili kuitwa mji.

Tulikwama mara moja tu. Maji yalipwa haraka kuliko nahodha alivyotaka, mashua ikakaa juu ya tope katikati ya mkono wa mto, tukawa hatuna la kufanya ila kusubiri yajae. Mama mmoja aligawa mihogo ya kuchemsha. Ng'ambo ya pili palikuwa na uwazi, maji matupu, hata mikoko haikuwapo. Nahodha alinyoosha kidole kuelekea huko.

"Mjomba, wewe unatafuta mambo ya kale," alisema. "Pale palikuwa msikiti. Na nyuma yake nyumba za kina babu, na mwembe. Mto ulihamia pale, watu wakahama."

Nikamuuliza zamani gani. Nilikuwa nimeshatoa daftari, nalo kwa mara ya kwanza katika safari hiyo halikumtisha mtu.

Akafikiri, akihesabu kwa vidole.

"Kabla sijaoa," alisema. Kisha akageukia mkondo kuangalia kama maji yameanza kurudi.